Kundi la Pili Ndilo Letu

Kijana mmoja aliingia kliniki akiwa amemshika mama yake mkono. Akamkalisha, akatoa shikamoo, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba alikuwa ameshanigeuzia simu. Kwenye kioo kulikuwa na mchoro wa mistari miwili. Ilianza pamoja juu kushoto, kisha ikaachana: mmoja ukaendelea kushuka polepole, mwingine ukaporomoka kama lori lililokatika breki kwenye mteremko wa Kitonga. "Daktari, hii dawa ya mstari wa juu tunaipataje?" Mama alikuwa anasoma bango la chanjo ukutani, kana kwamba mazungumzo yanamhusu mtu mwingine.

Nikamwambia akuze picha, aniambie watu wa mstari wa chini walikuwa wanameza nini. Akasoma kwa shida: lenalidomaidi na deksamethasoni. Akanyamaza, maana ndizo dawa zilizokuwa kwenye mkoba wa mama yake.

Kila jaribio kubwa la dawa za mieloma iliyorudi huwa na kundi la kwanza, linalopewa mchanganyiko mpya, na kundi la pili, linalopewa matibabu yaliyozoeleka ili kuwe na cha kulinganisha. Habari zote huandikwa kuhusu kundi la kwanza. Mimi nasema msomaji wa Afrika Mashariki, awe daktari, mgonjwa au ndugu anayechangisha pesa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, aanze kusoma na lile la pili.

Kwanza ugonjwa wenyewe, kwa ufupi. Mieloma ni saratani ya seli plasma, zile seli za kwenye uloto ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Seli moja ikiharibika, inajizalisha kupita kiasi na kumwaga kwenye damu protini ya aina moja isiyo na kazi. Uloto unasongwa, damu inapungua, mifupa inaliwa, kalsiamu inapanda, figo zinaziba. Mgonjwa wetu wa kawaida anafika akiwa ameshatibiwa mgongo kwa miezi, ameshakandwa, ameshachomwa sindano za maumivu, na wapo walioanzishiwa dawa za kifua kikuu cha uti wa mgongo, mpaka siku moja anainama kufunga kiatu na pingili inapondeka.

Matibabu huleta nafuu, na nafuu inaweza kudumu miaka. Lakini kwa walio wengi ugonjwa hurudi, na kila unaporudi nafuu inayofuata huwa fupi kuliko iliyotangulia, kwa sababu dawa imeua seli legevu na kuacha zile kaidi. Hapo ndipo yanapoingia majaribio ya michanganyiko: dawa mbili, tatu, siku hizi hata nne kwa pamoja, kila moja ikimshambulia adui kutoka upande wake.

Safari ya dawa hizi ilianzia pabaya. Talidomaidi iliuzwa Ujerumani Magharibi kuanzia mwaka 1957 kama dawa ya usingizi, wajawazito wakaitumia kwa kichefuchefu, na iliondolewa sokoni mwaka 1961 baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu. Mwaka 1999 madaktari wa Little Rock, Arkansas, walitoa taarifa ya wagonjwa 84 wa mieloma iliyowashinda wote, wengi wao wakiwa wameshapandikizwa uloto. Waliwapa talidomaidi, na asilimia 32 wakaitikia. Hapakuwa na kundi la pili, kwa kuwa hapakuwa na cha kulipatia kundi hilo.

Miaka michache baadaye kilikuwepo. Bortezomibu ilipimwa mwaka 2005 kwa wagonjwa 669 dhidi ya deksamethasoni peke yake: miezi 6.2 kwa 3.5 kabla ugonjwa haujasonga tena. Mwaka 2007 majaribio mawili yakaonyesha kwamba lenalidomaidi pamoja na deksamethasoni huzuia ugonjwa kwa miezi 11 hivi, dhidi ya 4.7 kwa deksamethasoni tupu. Ilikuwa sherehe. Miaka minane baadaye mshindi huyo aligeuzwa kuwa mtu wa kupigwa.

Kati ya mwaka 2015 na 2016 yalitoka majaribio manne makubwa, yote yakitumia msingi mmoja: lenalidomaidi na deksamethasoni kwa kundi la pili, na hizo hizo pamoja na dawa ya tatu kwa kundi la kwanza. ASPIRE iliongeza karfilzomibu, ELOQUENT-2 elotuzumabu, TOURMALINE-MM1 iksazomibu, na POLLUX daratumumabu. Kundi la kwanza lilipata miezi 26.3 katika ASPIRE, 19.4 katika ELOQUENT-2, 20.6 katika TOURMALINE-MM1, na POLLUX, ilipofuatiliwa kwa miaka, ikafika 44.5. Hizi ni namba za katikati: nusu ya wagonjwa walipita hapo, nusu hawakufika.

Sasa tazama kundi la pili kwa mpangilio huo huo: miezi 17.6, 14.9, 14.7, 17.5. Zaidi ya watu 1,300, nchi nyingi, kampuni nne zinazoshindana, na dawa ni zile zile mbili. Hizo ndizo namba ninazozishika mkononi ninapokaa na familia. Mtu ambaye ugonjwa umemrudi kwa mara ya kwanza, hajawahi kushindwa na lenalidomaidi, na tunachoweza kumpatia ni lenalidomaidi na deksamethasoni, huyo namweleza juu ya mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla hatujalazimika kubadili. Wapo watakaopita mbali na wapo watakaokwama njiani. Hakuna kitabu chochote kinachonipa makadirio bora kuliko hayo makundi manne yaliyoshindwa.

Kuna jambo la pili humo. Kati ya 14.7 na 17.6 kuna miezi karibu mitatu, na hakuna dawa iliyoileta. Imeletwa na watu: umri wao, figo zao, dawa walizopitia, jinsi walivyochaguliwa. Kwa hiyo mtu akikuambia dawa yake yenye miezi 20.6 imeipita ya mwenzake yenye 19.4, mpe kiti akae. Hawakucheza uwanja mmoja.

Turudi kwa kijana na mchoro wake. Ulikuwa wa POLLUX, na ni mchoro wa kutamanisha kweli: miezi 44.5 kwa 17.5. Lakini POLLUX iliwafungia mlango wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikuwa sugu kwa lenalidomaidi, yaani ule uliosonga mbele wakiwa wanaimeza au ndani ya siku 60 baada ya kuiacha. Lilikuwa sharti la haki, maana huwezi kumpa mtu msingi uliokwisha kubomoka. Ila mama yake alikuwa ameimeza lenalidomaidi miezi 14, na protini yake ilianza kupanda akiwa bado anaimeza. Asingeruhusiwa kuingia katika kundi lolote kati ya yale mawili. Mstari wa juu ule haukuwa wake, hata kama pesa zingepatikana.

Ugumu huu haupo kwetu tu. Huko Marekani na Ulaya mgonjwa akishapandikizwa uloto huendelea na lenalidomaidi kidogo kidogo kwa miaka ili kuzuia ugonjwa usirudi. Unaporudi, unamkuta akiwa na kidonge mdomoni. Yale majaribio manne yalijibu swali la mgonjwa wa mwaka 2010, na kwa wengi yalitoka swali likiwa limeshabadilika.

Jaribio la watu wanaofanana na mama huyu ni OPTIMISMM, la mwaka 2019. Wagonjwa 559, kama asilimia 70 wakiwa sugu kwa lenalidomaidi. Kundi la kwanza lilipewa pomalidomaidi, bortezomibu na deksamethasoni. La pili bortezomibu na deksamethasoni. Miezi 11.2 kwa 7.1. Mchoro wake haumsisimui mtu, na ndiyo sababu kijana hakuletewa huo kwenye simu.

Hapo nilipotaja bortezomibu na deksamethasoni nimegusa kidonda. Dawa hizo mbili peke yake zilitumika kama kundi la pili katika CASTOR, ENDEAVOR, OPTIMISMM, BOSTON na BELLINI, na majaribio yaliendelea kulinganisha nazo hata pale ambapo daktari wa Boston au Paris asingempa mgonjwa wake dawa mbili tu kama angekuwa na njia ya kumpa tatu. Mshabiki wa Simba au Yanga anaelewa bila kuelezwa: ukiifunga timu ya mtaani mabao saba, tunaandika saba, lakini hatujui bado utafanya nini ugenini Cairo. Kwa mgonjwa wa kule niliona, na bado naona, kwamba kundi la pili halikutendewa haki. Kwetu kibao kinageuka. Bortezomibu na deksamethasoni bado ni matibabu halisi ya mgonjwa halisi katika hospitali zetu, tena mwenye bahati ya bima au ya ndugu wenye uwezo. Kile walichokipuuza kama mpinzani dhaifu kinatuonyesha mgonjwa wetu amesimama wapi: miezi 7.1 katika CASTOR, 9.4 katika ENDEAVOR, 9.5 katika BOSTON, 11.5 katika BELLINI.

BELLINI inastahili kusimuliwa peke yake, na kama una muda wa kusoma jaribio moja tu katika maisha yako, soma hili. Wagonjwa 291 waligawanywa kwa bahati nasibu: 194 walipewa venetoklaksi juu ya bortezomibu na deksamethasoni, 97 wakapewa kidonge kitupu juu ya dawa hizo hizo. Ugonjwa ulizuiwa kwa miezi 22.4 dhidi ya 11.5, karibu mara mbili. Vipimo vinavyotafuta seli moja ya saratani kati ya seli laki moja za uloto vilitoka safi kwa asilimia 13 ya kundi la kwanza, na asilimia 1 tu ya la pili. Kwa kila kipimo cha maabara, venetoklaksi ilikuwa imeshinda.

Kisha wakahesabu makaburi. Mwezi Machi 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari: wagonjwa 41 kati ya 194 wa venetoklaksi walikuwa wamefariki, sawa na asilimia 21, dhidi ya 11 kati ya 97 wa kidonge kitupu, asilimia 11. Katika kundi la kwanza wanane walikufa kwa maambukizi yaliyowapata wakiwa kwenye matibabu. Katika la pili, hakuna hata mmoja. Uandikishaji wa wagonjwa wapya katika majaribio ya venetoklaksi kwa mieloma ukasimamishwa.

Baadaye ilionekana kwamba walionufaika zaidi ni wale ambao seli zao zimebadilishana vipande kati ya kromosomu ya 11 na ya 14, kundi dogo la wagonjwa. Jaribio la CANOVA likawaandalia hao peke yao mashindano, venetoklaksi dhidi ya pomalidomaidi: miezi 9.9 kwa 5.8, na bado tofauti hiyo haikufikia kiwango cha kutangaza ushindi kwa kanuni za takwimu. Kwa daktari anayefanya kazi penye kifua kikuu kingi, ambako kipimo cha kuotesha vijidudu vya damu kinachukua siku na wodi ina vitanda vilivyobanana, wale watu wanane ndio somo zima.

Funzo kama hilo lilishatolewa mapema, tena kwa dawa ya bei ya karanga. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya E4A03, jaribio la wagonjwa 445 wapya. Wote walipewa lenalidomaidi. Kundi moja lilipewa deksamethasoni nyingi kwa mtindo wa zamani, miligramu 40 kwa siku 12 za kila mzunguko; jingine miligramu 40 mara moja kwa wiki. Deksamethasoni nyingi ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 79 ya wagonjwa ndani ya mizunguko minne, ndogo kwa asilimia 68. Lakini mwaka ulipoisha waliokuwa hai ni asilimia 87 kwa dozi kubwa na 96 kwa dozi ndogo. Hao hawakuwa wagonjwa wa ugonjwa uliorudi, lakini majaribio mengi ya ugonjwa uliorudi yaliyofuata yalirithi dozi yao ndogo. Kidonge kilichojaa katika maduka yetu ya dawa ni cha nusu miligramu, kwa hiyo miligramu 40 ni vidonge 80. Nimeona bibi akivihesabu juu ya kanga, kumi kumi. Kumwambia avihesabu siku nne kwa mwezi badala ya siku 12 ni mojawapo ya mambo machache ya sayansi ya mieloma yaliyomfikia bila kulipiwa hata senti.

Kwa sababu ya BELLINI na E4A03 nilipokea kwa moyo mzito habari ya tarehe 12 Aprili 2024. Siku hiyo kamati ya washauri wa FDA ilipiga kura 12 kwa 0 kukubali kwamba kile kipimo cha uloto safi kinaweza kutumika kuidhinisha dawa za mieloma kwa haraka. Hoja yao inaeleweka: wagonjwa sasa wanaishi miaka mingi, na kungoja mpaka nusu ya kundi ugonjwa usonge ni kungoja muongo. Bado nasema, dawa iliyoidhinishwa kwa kipimo cha uloto ifuatwe mpaka kwenye hesabu ya walio hai, na ikibainika inaua, iondolewe bila aibu.

Na zinaondolewa kweli. Belantamabu mafodotini, kingamwili inayobeba sumu na kuipeleka ndani ya seli plasma, iliidhinishwa Marekani mwaka 2020, ikashindwa mwaka 2022 ilipopambanishwa peke yake na pomalidomaidi, ikatolewa sokoni. Ikarudi kwenye mchanganyiko. Katika DREAMM-7, iliyotangazwa mwaka 2024, iliungana na bortezomibu na deksamethasoni, na safari hii mpinzani alikuwa wa kweli: daratumumabu na dawa hizo hizo mbili. Miezi 36.6 kwa 13.4. Huo ni ushindi wa ugenini. Gharama yake iko machoni: asilimia 79 ya waliopewa walipata madhara ya macho, dhidi ya 29, na kila anayeipata anahitaji daktari wa macho wa kumkagua konea kabla ya dozi. Washauri wa FDA walipiga kura ya kuipinga Julai 2025. FDA ikaipitisha Oktoba kwa wagonjwa walioshindwa na angalau matibabu mawili.

Seli T zilizofundishwa maabara nazipitia haraka, kwa kuwa ziko mbali nasi kuliko zote. CARTITUDE-4 ilizipambanisha na michanganyiko miwili mizuri ya dawa tatu, kwa watu 419 waliokuwa sugu kwa lenalidomaidi, na hatari ya ugonjwa kusonga au kifo ikashuka kwa asilimia 74. Nitaongeza moja tu: kati ya 208 waliopangiwa seli hizo, 32 hawakuzipata kama ilivyopangwa, kwa sababu ugonjwa uliwawahi au mauti yaliwakuta wakati seli zikiwa bado maabara. Hata kwenye kundi la kwanza kuna waliokaa kwenye foleni.

Nani, basi, anahesabiwa katika majaribio haya? Wamarekani Weusi hupata mieloma karibu mara mbili ya Weupe, na ni kama mgonjwa mmoja kati ya watano kule. FDA ilipopitia majaribio yaliyotumika kuidhinisha dawa, iliwakuta ni asilimia 4.5 ya washiriki. Sababu ni nyingi: umbali, kipato, kumbukumbu za kudhulumiwa hospitalini. Moja iko ndani ya damu yenyewe, na ni yetu. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana alama ya Duffy kwenye seli nyekundu. Kukosa huko kunatukinga na malaria ya vivaksi. Pamoja nako huja nyutrofili chache kwenye damu inayozunguka, bila mtu kuugua zaidi kwa sababu hiyo. Jaribio linalodai nyutrofili 1,500 kwa mikrolita moja linaweza kumwacha nje mtu mzima wa afya kutoka Tabora au Kisumu, achilia mbali mwenye mieloma. Madaktari wetu nao wajihadhari: kuahirisha dozi kwa namba iliyowekwa kwa damu ya watu wengine ni kumnyima mgonjwa dawa.

Kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, bortezomibu, lenalidomaidi na talidomaidi ziliingia mwaka 2019. Zipo za viwanda vya India. Hospitali za Muhimbili na Benjamin Mkapa zimeshaanza kupandikiza uloto. Eldoret kuna kliniki ya mieloma yenye uzoefu wa miaka. Jaribio ambalo ningelitaka hapa ni dogo na halina mvuto: lenalidomaidi ya bei nafuu pamoja na bortezomibu ya mara moja kwa wiki, dhidi ya talidomaidi na deksamethasoni, kwa wagonjwa wetu waliorudiwa na ugonjwa, kwa vipimo tulivyonavyo. Hakuna kampuni itakayolilipia. Serikali zetu zinaweza.

Yule mama tulimhamishia bortezomibu, sindano ya chini ya ngozi mara moja kwa wiki, pamoja na asaiklovia ya kuzuia mkanda wa jeshi. Nilipomuuliza kijana tarehe ambayo mama aliwahi kuacha lenalidomaidi hapo awali, na kama aliacha kwa madhara, kwa kuishiwa pesa au kwa sababu haikufanya kazi, hakujua. Mama ndiye aliyejibu, akiwa bado anatazama bango: "Niliacha Ramadhani ile, wiki tatu, dukani zilikwisha." Jibu hilo lina uzito kuliko mchoro mzima wa kwenye simu, kwani majibu ya namna hiyo ndiyo yanayoamua kama mgonjwa anahesabiwa sugu au la, na dawa gani bado iko wazi kwake.

Kama una mgonjwa wa mieloma nyumbani, nunua daftari. Andika jina la dawa, miligramu, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha na sababu ya kuacha, na uje nalo kila kliniki.